Uzi: Bibi yangu Msalabani anamwita "Isa", mhubiri anasema hata "Yesu" halina nguvu. Nguvu ya jina takatifu iko wapi?

#1 MtotoWaMsalabani

Wakuu salaam. Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye mkesha hapa Tanga mjini. Mhubiri mgeni akatuambia kwamba miaka yote tumeomba bila kujibiwa kwa sababu tunaita jina lisilo lake. Kwamba malaika hakumwambia Mariamu "Yesu", alimwambia "Yahushua". "Yesu" ni jina la kutungwa na Wayunani na pepo hawalitambui. Akatufundisha kulitamka, tukalirudia kama mara mia hivi. Wengine wakaanguka.

Nilirudi nyumbani nisilale. Nilikuwa namuwaza bibi mzaa baba, yuko Msalabani, Magila kule Muheza, kapita miaka tisini. Bibi akiomba peke yake hasemi hata hilo "Yesu". Anasema "Bwana Isa". Alirithi kwa baba yake. Ndani ya kasha lake kuna kitabu kilichokatika jalada, ukurasa wa mbele umeandikwa Agano Jipya la Bwana na Mwokozi wetu Isa Masiya. Kwa jina hilo ameombea watoto tisa, akazika wanne. Kwa jina hilo aliniombea mimi nikiwa na degedege, meno yamekaza, mama ameshaanza kulia.

Sasa naomba mnisaidie. Kama nguvu iko kwenye matamshi, bibi yangu alikuwa akimwita nani?

#2 BajajiYaNgamiani

Nguvu ipo kwenye jina mkuu, wala usitie shaka. Nyuma ya bajaji yangu nimeandika JINA LIPITALO KILA JINA. Mwaka wa nne huu barabara zote za Ngamiani nazimaliza, sijagongwa wala sijagonga.

#3 KatekistaMstaafu

Mleta uzi, pole kwa usiku huo. Nimefundisha kipaimara Korogwe na Muheza zaidi ya miaka thelathini, niruhusu nianzie kwenye lugha maana kelele imetokea hapo.

Kiebrania ni Yehoshua, jina lile lile la Yoshua mwana wa Nuni. Maana yake Yahwe ni wokovu. Wayahudi waliporudi kutoka uhamisho wa Babeli wakalifupisha, likawa Yeshua. Yule kuhani mkuu wa siku hizo, kitabu cha Ezra kwa Kiebrania kinamwita Yeshua, nabii Hagai anamwita kwa jina refu, na ni mtu mmoja. Kwa hiyo ndani ya Maandiko yenyewe jina hili lina sura mbili. Baadaye Wayahudi walioishi kwenye nchi za Kiyunani wakatafsiri Maandiko, nao wakaandika Iesous. Kiyunani hakina sauti ya "sh", na majina mengi ya wanaume huishia na "s". Haya yalifanyika kabla ya Bethlehemu, na waliofanya ni Wayahudi waliomcha Mungu. Mathayo, Luka na Paulo walilikuta jina liko tayari, wakaliandika. Kilatini kikasema Iesus, sisi tukapata Yesu.

Umbo la "Yahushua" halimo kwenye Kiebrania kilichowekwa irabu na walimu wao wa kale. Walichoandika wao ni Yehoshua.

Lakini sitaki kumnyima mhubiri haki yake yote. Mathayo 1:21 inasema "nawe utamwita jina lake Yesu, maana, yeye ndiye atakayewaokoa watu wake na dhambi zao." Ile "maana" huielewi kwa Kiswahili wala kwa Kiyunani. Lazima uambiwe Kiebrania ndipo uone jina na sababu yake vimeshikana. Watoto wengi wanapata kipaimara bila kuambiwa, na hilo ni kosa letu walimu.

#4 MlinziWaJina

Shikamoo Katekista. Umeeleza vizuri, ila umeruka Matendo 26:14. Paulo mwenyewe anasema sauti ilimwambia kwa lugha ya Kiebrania. Bwana amekwisha kupaa, lugha zote anazijua, akachagua hiyo. Halafu jina la mtu halitafsiriwi. Ukiitwa Baraka ukaenda Uingereza utaandikwa Baraka kwenye pasi yako. Na Yohana 5:43 anasema amekuja kwa jina la Baba yake. Jina la Baba ni "Yah", sharti lisikike ndani ya jina la Mwana. Ukisema "Yesu", hiyo Yah umeiweka wapi?

Sidharau wazee. Walishika walichopewa. Sisi tuliofunuliwa ndio tutaulizwa.

#5 Kaole_Pwani

MlinziWaJina, kama jina halitafsiriwi, Petro naye vipi? Bwana alimwita Kefa, Yohana 1:42 ikatafsiri hapo hapo: Petro, yaani jiwe. Na yeye hakulalamika.

#6 NesiWaUsiku

Mimi si mwana theolojia. Nina kisa tu.

Nimefanya zamu za usiku miaka kumi na moja. Kuna mzee aliletwa na kiharusi, upande wa kulia umekufa, maneno yote yamekwenda. Lilibaki moja tu: "Yesu." Akitaka maji, "Yesu." Akiumia tukimgeuza, "Yesu." Mkewe akiingia asubuhi na uji, "Yesu", lakini kwa sauti nyingine kabisa, na yule mama anaitika "Abee". Ndani ya wiki moja sote tuliokuwa zamu tulijua kwa lafudhi tu anataka nini.

Daktari alitufafanulia kwamba kiharusi kikigonga upande wa kushoto wa ubongo huweza kufuta maneno, ila yale ya mazoea makubwa mara nyingi husalia: sala, kuhesabu, nyimbo, hata matusi. Kwa hiyo kitabibu nalielewa. Alilisema maisha yake yote, likajichimbia mahali ambapo ugonjwa haukufika.

Ila nimebaki na swali ambalo sijamuuliza mtu. Alipokuwa akisema "Yesu" kwa kutaka maji, alikuwa anaomba maji au alikuwa anaomba?

#7 BajajiYaNgamiani

Dada Nesi, nimesimamisha chombo pembeni. Abiria amesubiri.

#8 Ostadhi_wa_Mabawa

Assalaam alaykum majirani. Mada ni yenu, nimeingia kwa sababu ya Isa.

Sisi tunamwita Isa bin Maryam, amani iwe juu yake. Msichanganye: jina tunaliheshimu wote, ila tunalosema juu yake si moja. Kwetu ni mtume wa Mwenyezi Mungu, kwenu mnasema zaidi ya hapo. Bibi wa mleta uzi akisema "Bwana Isa" na bibi yangu akisema "Nabii Isa", herufi ni zile zile, imani ni mbili. Hapo naona hoja ya matamshi inalegea yenyewe.

Jambo la pili: msidhani "Isa" ndilo neno la Kiarabu la Wakristo. Wakristo wa Misri na Lebanoni wanasema Yasuu. Isa ni la Kurani. Hao waliomtafsiria babu yake mleta uzi walichukua neno kutoka kwetu watu wa pwani.

#9 KatekistaMstaafu

Wa alaykum salaam Ostadhi, ahsante, umenisaidia.

Ndivyo ilivyokuwa. Wamisionari wa Kiingereza wa UMCA, misheni ya Kianglikana, walikuwa na makao Unguja, na kutoka huko ndiko Magila ilikoanzia miaka ya 1860. Askofu Edward Steere alitafsiri kwa Kiunguja alichokisikia mtaani, na Waunguja walikuwa na jina tayari, Isa. Upande wa Mombasa walichukua njia yao. Akaja Mjerumani Karl Roehl, aliyewahi kuishi Usambara na kuandika sarufi ya Kisambaa. Yeye alitaka kupunguza maneno ya Kiarabu na kuweka ya Kibantu, Biblia yake nzima ikatoka 1937. Ndipo ikaja ile ya pamoja, Union ya 1952, ambayo wengi wetu tunaisoma mpaka leo: Yesu Kristo.

Kwa hiyo ndani ya maisha ya bibi mmoja wa Magila, Bwana ameandikwa kwa zaidi ya namna moja kwa Kiswahili hiki hiki. Na neno Mungu hatukuletewa na meli yoyote. Mzigua anasema Mulungu, na alikuwa akilisema kabla ya padri wa kwanza kupanda kilima cha Magila.

#10 Mshona_Nyavu

Nimevua tangu Pangani mpaka Mkwaja, sasa nashona nyavu tu. Nawasikiliza mnavyobishana Kiebrania na Kiyunani, naona mmesahau sisi ni watu wa wapi.

Huku pwani jina si kitu cha kuchezea. Ukiitwa usiku na sauti usiyoijua, usiitike mara ya kwanza. Ukienda kwa mganga, kabla hajakutazama atauliza jina lako na jina la mama yako. Kwa nini la mama? Anataka kukushika pale ambapo huwezi kukana. Tumekua na wazo hilo: anayelijua jina lako la kweli amekushika nusu. Ndilo wazo tunaloingia nalo kanisani, hatuliachi mlangoni na kandambili.

Mtu akisema "hili ndilo jina lake la siri, ukilitamka sawasawa mambo yatakwenda", mimi moyo unanidunda maana namsikia mganga wa utotoni. Maandiko yanajua tabia yetu hiyo. Yakobo alishindana usiku kucha, akauliza jina, akajibiwa "Kwa nini waniuliza jina langu?" Baba yake Samsoni naye aliuliza, akaambiwa ni la ajabu. Musa akauliza, akajibiwa MIMI NIKO AMBAYE NIKO. Mara tatu watu wanataka kushika, mara tatu mkono unatoka mtupu.

Bajaji, usikasirike mwanangu. Maandishi yako ya nyuma na hirizi ya jirani yako tofauti yake ni nini?

#11 BajajiYaNgamiani

Sikasiriki mzee wangu, shikamoo. Tofauti ninayoijua: hirizi inafichwa ndani ya shati, maandishi yangu anayasoma kila mtu aliye nyuma yangu. Nikimtukana mtu wa daladala, ananiambia "wewe na jina hilo?" Limenifunga mdomo mara nyingi kuliko lilivyonilinda na magari. Mengine sijui.

#12 MkweWaChumbageni

Mzee Mshona_Nyavu ameligusa ila kuna upande wa pili. Jina halifichwi kwa hofu tu, linafichwa kwa heshima. Mimi nina miaka ishirini na mbili kwenye ndoa, sijawahi kulitaja jina la baba mkwe. Sijakatazwa kwa sheria. Mdomo hauendi tu. Na nikikutana na mwingine mwenye jina kama lake naitafuta njia ya kuzunguka.

Ndivyo nilivyowaelewa Wayahudi. Zile herufi nne za jina la Mungu zimo zaidi ya mara 6,800 kwenye Agano la Kale la Kiebrania, lakini msomaji akizifikia anasema Adonai, yaani Bwana wangu. Mapokeo yao yanasema kuhani mkuu alilitamka hekaluni Siku ya Upatanisho. Hekalu lilipobomolewa mwaka 70, mahali pa kulitamkia pakaondoka nalo. Biblia yetu ya Union inapoandika BWANA kwa herufi kubwa tupu, ujue chini yake kuna jina hilo.

Sisi Wakatoliki mwaka 2008 Roma iliandikia maaskofu kwamba "Yahwe" lisitamkwe kwenye ibada, sala na nyimbo. Kwaya yetu ilikuwa na wimbo mzuri sana wenye jina hilo, tukabadilisha. Tulinung'unika. Leo naona ilikuwa sawa.

#13 Mnara_na_Neno

Dada Mkwe, kwa heshima, mimi ni Shahidi wa Yehova. Zaburi 83:18 hata kwenye Union yenu imeandikwa YEHOVA, na Kutoka 6:3 vilevile. Mtu akikuandikia barua akasaini jina lake mara elfu kadhaa, wewe ukalifuta ukaandika "Bwana" kila mahali, umemheshimu?

#14 KatekistaMstaafu

Swali zito hilo, sitalikwepa. Niongeze tu moja: "Yehova" lilitokana na kuchukua konsonanti za jina lenyewe na kuzipa irabu za Adonai. Wale walimu wa kale wa Kiyahudi waliziandika irabu hizo kumkumbusha msomaji aseme Adonai, wengine baadaye wakazisoma zote kwa pamoja. Kwa hiyo anayetafuta matamshi ya asili, huko nako hayapati.

#15 Mnara_na_Neno

Tunalijua hilo na hatulifichi. Yeremia naye tunamwita kwa matamshi yasiyo ya kwake. Hoja yetu ni kulitumia jina, si kulipatia.

#16 MlinziWaJina

Mmeungana wote dhidi yangu, sawa, ila hakuna aliyejibu waliodondoka. Mimi nilikuwepo kwenye mkesha huo huo. Kuna binti aliombewa "kwa jina la Yesu" miezi, wapi. Usiku ule kwa jina halisi akafunguliwa. Nimeona kwa macho yangu. Mtanifundisha nini kuhusu Kiyunani?

#17 Kaole_Pwani

Ndugu yangu, sikukatalii ulichokiona. Ila soma Matendo 19. Wale wana saba wa Skewa walikuwa Wayahudi, wana wa kuhani mkuu. Kama kuna watu duniani walijua kulitamka jina sawasawa ni wao. Pepo akawajibu, "Yesu namjua na Paulo namfahamu, lakini ninyi ni akina nani?" Wakatoka uchi, wamejeruhiwa. Matamshi yalikuwa safi kabisa.

Na jina lenyewe halikuwa lake peke yake. Wakolosai 4:11 kuna Yesu aitwaye Yusto. Matendo 13:6 kuna mchawi kule Pafo aliyeitwa Bar-Yesu, mwana wa Yesu! Tena nakala nyingine za kale za Mathayo zinamwita Baraba "Yesu Baraba". Yaani Pilato huenda aliwauliza watu: Yesu yupi? Wavulana wengi wa Kiyahudi wa wakati ule waliitwa hivyo. Kama herufi zingekuwa na nguvu, Bar-Yesu angekuwa mtume.

#18 MlinziWaJina

Na Marko 9:39 je? Yule mtu asiyefuatana nao alitoa pepo kwa jina, Bwana akasema msimkataze. Huyo hakuwa na uhusiano wowote wa karibu, alikuwa na jina tu. Kaole, wana wa Skewa wako peke yao, huyu naye yupo.

#19 Kaole_Pwani

Hapo umenipata. Naliwaza.

#20 FundiCherehani

Naombeni msaada wa haraka. Nashona vitambaa vya altare, kuna herufi IHS natarizi miaka yote. Wengine waliniambia maana yake ni Yesu Mkombozi wa Watu. Nayo ni jina takatifu?

#21 KatekistaMstaafu

Fundi, hiyo tafsiri ni ya Kilatini na ilikuja baadaye. Asili ni herufi tatu za kwanza za Iesous kwa Kiyunani: iota, eta, sigma. Hiyo H si "ha", ni "e" ndefu. Aliyezieneza sana ni mhubiri Mfransisko, Bernardino wa Siena, aliyefariki 1444. Alizichora juu ya ubao katikati ya miali ya jua, akawaonyesha watu waache alama za koo zao walizokuwa wakiuana kwazo. Wapo waliomshtaki kwamba anafundisha watu kuabudu ubao. Mnaona, ugomvi huu haukuanzia Tanga.

Na kuinamisha kichwa jina la Yesu linapotajwa, kama walivyo wazee wa Magila mpaka leo, mtaguso wa Lyon, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza mwaka 1274.

#22 MwanafunziWaHistoria

Naongezea la Katekista. Kwa Waorthodoksi kuna sala fupi inayorudiwa kwa pumzi: "Bwana Yesu Kristo, Mwana wa Mungu, unihurumie mimi mwenye dhambi." Kwenye mlima Athos, Ugiriki, watawa wa Kirusi walianza kubishana. Wengine wakasema Jina la Mungu ni Mungu mwenyewe. Wengine wakasema hapana, huko ni kuabudu neno. Mwaka 1913 serikali ya Urusi ikatuma meli na askari, watawa mamia wakaondolewa kwa nguvu wakarudishwa kwao. Meli ya kivita kwa ajili ya swali la mleta uzi!

#23 DadaWaMarehemu

Sikutaka kuandika.

Dada yangu alikuwa na presha. Aliambiwa kwenye maombi, sitasema wapi, kwamba ameshapona kwa jina la Yesu na akimeza dawa tena anamkana. Alikuwa mtu wa imani kweli kweli, akaziacha. Wiki ya sita tukamzika. Aliyemwambia hakuja msibani.

Kutoka 20:7, usilitaje bure jina la BWANA, Mungu wako. Nilifundishwa tangu utoto kwamba ni kuhusu kuapa apa. Sasa nasoma kwamba ni kuhusu kumwekea Mungu sahihi kwenye karatasi ambayo hakuiandika. Mimi bado naomba kwa jina hilo hilo. Dada alikufa akilitaja. Ila mtu akisimama mbele yangu akasema "jina lina nguvu" bila kusema nguvu ya kufanya nini, natoka nje.

#24 NesiWaUsiku

Pole sana dada. Presha ikiachiwa dawa ghafla huweza kupanda vibaya. Tunawapokea hao, tena wengi. Hakukuwa na upungufu wa imani kwake.

#25 BajajiYaNgamiani

Pole dada. Poleni familia.

#26 WakalaWaPesa

Poleni. Naomba niseme kwa kazi yangu. Mteja akituma pesa kwa simu, jina la mpokeaji hutokea kabla hajamaliza. Pale watu hutulia, husoma. Kosea tarakimu moja ya namba, linatokea jina la mtu wa Mbeya usiyemjua. Jina ndilo linalokuhakikishia uko na nani. Lakini yapo majina yanakosewa, "Mwanaidi" limeandikwa "Mwanahidi", na pesa inafika kwake bado, kwa sababu laini ni yake. Nadhani bibi wa mleta uzi laini ni yenyewe.

#27 MwanafunziWaHistoria

Wakala umekaribia jambo ambalo wataalamu wamelisema. "Mkiwabatiza kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu", Kiyunani chake ni kama "kuingia katika jina la". Karatasi za kale za Kiyunani zilizofukuliwa Misri zinatumia maneno hayo hayo kwenye hesabu za mali: kuweka kitu katika jina la fulani ni kukiandika kiwe chake. Kwa hiyo siyo wewe unayelitumia jina. Wewe ndiye uliyeandikishwa humo.

#28 Mshona_Nyavu

Hilo la kuandikishwa nimelipenda. Lakini nalo linanitisha, maana babu zetu wa pwani hii wapo walioandikwa kwenye majina ya watu.

#29 Kaole_Pwani

Mzee, umenifungulia mlango ambao nilikuwa nausogelea tangu #5.

Kwetu ni Bagamoyo. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika kutoka Unguja 1868, wakaanzisha kijiji cha waliokombolewa utumwani. Wengine walinunuliwa sokoni, wakiwemo watoto, ili waachwe huru. Babu wa babu yangu alikuwa mmoja wao. Walimbatiza, wakampa jina la mtakatifu, na jina hilo ndilo la ukoo wetu mpaka leo. Lile alilopewa na mama yake, huko bara alikokamatwa, hakuna anayelijua. Hakulisema kwa mtoto yeyote. Au alilisema likasahaulika, ambayo ni mbaya zaidi.

Kwetu kuna wanaosema alipata jina jipya kama Ufunuo 2:17 inavyoahidi, jiwe jeupe. Shangazi yangu alisoma Isaya 43:1 kila mwaka siku ya marehemu, "nimekukomboa, nimekuita kwa jina lako, wewe u wangu", akilia. Kaka yangu anasema waliokomboa mwili wake walimnyang'anya kitu cha mwisho alichobaki nacho. Wote wawili nawaelewa, siwezi kuchagua. Nikipita pale misheni, kwenye ule mbuyu na makaburi, huwa nawaza: Isaya hakusema "kwa jina lako jipya". Amesema kwa jina lako. Basi yuko mmoja anayelijua lile la kwanza.

#30 Ostadhi_wa_Mabawa

Nimesoma mara mbili. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yenu.

#31 MpitaNjia_TZ

Bagamoyo si ndiko alikozikwa Livingstone 1873?

#32 Kaole_Pwani

Hapana. Alifariki 1873 huko ilipo Zambia sasa. Mwili ulifika Bagamoyo Februari 1874, ukalala misheni usiku mmoja, ukapelekwa Unguja, mwisho London. Na kwa kuwa tunazungumza majina: aliyelichonga jina la Livingstone kwenye mti pale moyo wake ulipozikwa ni Jacob Wainwright, kijana aliyekombolewa utumwani. Hata yeye hilo "Jacob Wainwright" alipewa.

#33 MtotoWaMsalabani

Wakuu, nimesoma yote, ahsanteni. Dada wa marehemu, pole sana.

Nimempigia bibi jioni hii. Kwanza aliuliza kama nimekula. Nikamweleza habari ya mkesha. Akasema kanisani anasema "Yesu" kwa sababu wanaitikia pamoja, akiwa peke yake ni "Isa" kwa sababu ndivyo baba yake alivyomshika mkono. Nikamtajia lile la mhubiri. Akajaribu kulitamka mara tatu, meno hayapo, likawa linatoka na upepo. Akasema akilizoea atamwita na hilo pia.

Kisha akaniuliza, "Na huyo mhubiri wenu jina lake nani, nimwombee?" Nikamwambia sote tunamwita Mtumishi. Akasema, "Mtumishi ni kazi. Alibatizwa nani?" Nikakosa jibu. Nimekaa usiku mzima na mtu tukibishania jina la Bwana, na lake silijui.

#34 MlinziWaJina

Nitakutumia jina lake pembeni. Mwambie bibi namsalimu. Bado sijakubali ya Kiyunani lakini mwambie namsalimu.

#35 Kaole_Pwani

MtotoWaMsalabani, naomba uniulizie kitu kwake. Bibi anaomba kwa kutaja majina. Asiyejulikana jina lake anamwombeaje?

#36 MtotoWaMsalabani

Nakwenda Muheza Jumamosi. Nitamuuliza ana kwa ana, simu hasikii vizuri.

#37 BajajiYaNgamiani

Ukipita sokoni nichukulie machungwa ya shilingi elfu tatu, nitakurudishia. Na kwa bibi nipeleke na mimi kwenye sala, nimekutumia jina la ubatizo.